Mambo ya Nyumbani: Juma la Baba Jikoni



Wengi wenu mwajua ya kuwa ukurasa huu umezoea kutoa mashauri juu ya kazi za nyumba: namna ya kutunza watoto wachanga, namna ya kuhifadhi nafaka isiliwe na dumuzi, namna ya kutumia fedha kidogo kwa akili. Mashauri hayo tumeyaandika tukiketi mezani, na kikombe cha chai mbele yetu. Chai hiyo ni nani aliyeichemsha, hatukuandika. Basi mwezi huu twataka kuungama. Tumepika juma zima, tangu Jumatatu hata Jumapili, na sasa twajua ya kuwa baadhi ya mashauri yetu yaliandikwa na mtu asiyejua ayasemayo.

Tena ieleweke tangu mwanzo: twasema "sisi" kwa desturi ya ukurasa huu. Jikoni "sisi" alikuwa mtu mmoja tu, amevaa shati la shule, na moshi umemwingia machoni.

Sababu ya jambo ni hii. Ndugu yake mdogo mama wa nyumba yetu ameolewa Geita, akajifungua mtoto wa kiume. Mama wa nyumba akaitwa aende kumwosha mtoto na kumpikia mzazi uji. Safari ya kutoka Shinyanga siku hizi si taabu kama zamani, maana daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, wala hakuna tena kungoja kivuko. Hata hivyo kwenda ni kwenda. Jumapili baada ya ibada akafunga mzigo wake, akatuita jikoni, akatuonyesha kila kitu mahali pake.

Akasema, "Baba watoto, unga umo katika pipa, dagaa katika kikapu, nsansa na michembe katika chungu kikubwa. Mkaa huu ni wa juma zima, uuangalie. Na neno moja nakuomba. Huyu binti asipike. Mtihani wake wa kidato cha pili umekaribia, na hesabu zamshinda. Asipike hata siku moja."

Tukamjibu, "Nenda kwa amani. Kupika ni nini?" Neno hilo twalijutia hata leo.

JUMATATU. Tulirudi kutoka shuleni saa kumi na moja, tukawasha jiko, tukateleka maji. Maji hatukuyachota mbali, maana tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yafika Shinyanga kwa bomba. Taabu ilianza baadaye. Sisi tumewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi ya kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini siku ile tulikuwa na haraka, tukaona mvuke kidogo, tukamimina unga wote kwa mara moja. Unga wenyewe ni wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, nao ule wa muhogo hunata kama gundi. Tukakoroga. Mwiko ukasimama. Tukauvuta, nayo sufuria ikaja pamoja na mwiko.

Mama jirani alisikia kishindo, akachungulia juu ya ua, akatuamkia kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, leo mwatwanga?" Tukajibu ya kuwa twapika. Akasema, "Aa," akaondoka upesi, tukasikia kicheko kikianza nyuma ya nyumba yake.

Ugali ule ulikuwa na mabuja, yaani madonge yaliyokauka nje na ndani bado unga mkavu. Nao dagaa hatukuwachambua, wala hatukujua ya kuwa dagaa walioanikwa chini huokota mchanga wa ufuoni. Watoto watano waliketi kimya. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, ndiye aliyepewa zamu ya kuomba. Akafumba macho, akasema, "Bwana, ubariki chakula hiki, na umrudishe mama kesho. Amina." Wote wakaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Kisha tukala, na chumba kizima kikasikika meno yakisaga mchanga.

JUMANNE. Tulidhani tumepata akili. Tukasema, leo ni maharage, nayo hayana mchanga. Tukayateleka saa kumi na mbili ya jioni. Saa mbili tukayaonja, yakawa kama kokoto. Saa tatu tukaongeza mkaa. Saa nne watoto walikuwa wamelala, wakiwa wamekula maandazi tuliyomtuma mtoto kununua, nasi tumekaa juu ya kigoda tukisikiliza sufuria ikinung'unika. Maharage yaliiva saa nane ya usiku. Asubuhi ndiyo yaliyokuwa chakula cha kwenda nacho shule.

Baadaye tuliambiwa ya kuwa maharage hulowekwa tangu usiku uliotangulia, na kwa hiyo huiva upesi, na mkaa hubaki. Miaka yote hii tumeyaona maharage ndani ya maji pale jikoni wakati wa kwenda kulala, tukadhani yanaoshwa.

Tulipotazama gunia la mkaa, nusu yake imekwisha. Neno hili si la kucheka katika nchi ya Shinyanga. Wazee watakumbuka, na vijana wamesikia, ya kuwa miti mingi ya nchi hii ilikatwa zamani, mingine kwa kusudi la kuwaondoa mbung'o, mingine kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, mpaka sehemu nyingi zikabaki wazi kama kiganja. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, maana yake Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakahimizwa kuirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua, kisiingizwe ng'ombe, ili majani na miti vipate kukua, nacho kifae wakati wa kiangazi. Miti ikarudi, na akina mama wengi wakapata kuni karibu na nyumba. Basi baba aliyeketi akichoma mkaa wa siku tatu kwa sababu hakuloweka maharage, ameichoma kazi ya watu wengi. Tuliliwaza neno hili saa nane ya usiku, na tulikuwa na nafasi ya kutosha ya kuliwaza.

JUMATANO. Siku hii hatuna kicheko kingi cha kuwapa. Tulichelewa shuleni kwa ajili ya mkutano, tukarudi giza limeanza, na mkoba umejaa madaftari ya kusahihisha. Tulipoinama kuwasha jiko, binti yetu mkubwa akaja polepole, akautwaa mwiko mkononi mwetu, akasema, "Baba, niache nipike. Wewe una madaftari."

Wasomaji wapenzi, hatukumzuia. Tulisema moyoni, ni leo tu. Akapika ugali laini, na mlenda uliotiwa karanga, nao watoto wakala mpaka wakalamba vidole, wakamsifu, nasi tukamsifu kuliko wote. Akaosha vyombo. Akamlaza mdogo wake. Ndipo akachukua kitabu.

Saa tano ya usiku tulipomaliza madaftari ya watoto wa wengine, tulimkuta wa kwetu amelala juu ya meza, shavu lake juu ya kitabu cha hesabu, na taa ikiwaka. Daftari lilikuwa na tarehe ya siku ile, na chini ya tarehe swali la kwanza, na chini ya swali hakuna kitu.

Tulisimama pale kitambo. Mama yake alituomba neno moja tu, na siku ya tatu tumelivunja. Hatukulivunja kwa ubaya, wala kwa ukali. Tulilivunja kwa sababu chakula kilikuwa kitamu, na kwa sababu yeye hakunung'unika. Nasi twadhani hivi ndivyo mambo yanavyokwenda katika nyumba nyingi. Hakuna baba asemaye, "Binti yangu na ashindwe mtihani." Husema, "Leo tu," na kesho ni leo tena. Kisha matokeo yakitoka twauliza, "Mbona kaka yake alifaulu?"

Tukamwamsha, tukamwambia akalale, na kwamba tangu kesho mwiko ni wetu, hata tukila mabuja mpaka Krismasi. Akatutazama kama mtu asiyesadiki. Alikuwa na haki.

ALHAMISI. Mungu hutuma msaada kwa njia asizozitazamia mtu. Saa tisa ya mchana alifika mpwa wetu, mwana wa dada yetu, kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu katika nchi ya Geita. Kijana huyu aliacha shule akaenda kuchimba, na mwaka uliopita tulimketisha sebuleni tukamwonya kwa muda wa saa nzima. Sasa akaingia, akatuona tumeinama juu ya sufuria, akasema, "Mjomba, shikamoo. Maji hayo hayajachemka. Niruhusu."

Akavua koti, akapika. Kwanza akayaacha maji yatokote sawasawa. Akakoroga unga kidogo katika maji baridi, akaumimina, ukawa uji, akauacha uchemke mpaka ukawa unaruka ruka. Ndipo akatia unga kwa ngumi ndogo ndogo, akisonga na kuukandamiza ubavuni mwa sufuria kila mara, ili buja lisipate pa kujificha. Akaufunika kidogo juu ya moto mdogo, akaugeuza. Ukawa ugali wa kumpa mkwe.

Tulimwuliza alifundishwa na nani. Akacheka, akasema, "Mjomba, kule kwetu tu wanaume saba katika kibanda kimoja. Ukipata dhahabu, wala kwa mama ntilie. Usipopata, wapika mwenyewe. Twapika kwa zamu, na mwenye kuharibu ugali aosha vyombo siku tatu. Mimi niliosha miezi miwili, nikajua."

Mwana wetu wa kiume, mwenye miaka 12, alikuwa amesimama mlangoni. Siku zote yeye husema ya kuwa jikoni ni mahali pa wasichana. Mpwa wetu akamgeukia, akamwambia, "Wewe wajiona mwanamume. Kule sote ni wanaume, tena wa kushuka shimoni kwa kamba. Wadhani nani atupikia? Malaika?" Kijana hakujibu, akatazama miguu yake.

Hata ikafika saa ya kupika mboga. Binti yetu mdogo, mwenye miaka saba, akatafuta chombo cha kulowekea nsansa, yaani yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa juani. Vyombo vyetu vyote vilikuwa vichafu, maana mpishi wa nyumba alikuwa sisi. Akaona karai dogo likitokeza katika mfuko wa mpwa wetu, akalichukua, akatia nsansa na maji, akaja nalo akichekelea.

Mpwa wetu alipoliona aliruka kama aliyeumwa na nge. Akalipokonya, akamwaga vyote nje mbali na kuku, akamwosha mtoto mikono kwa sabuni mara mbili. Tukashangaa, maana karai lenyewe halikuwa na ila ila weusi kidogo. Akasema, "Mjomba, hilo ndilo la kuchomea."

Yafaa tueleze, maana wasomaji wengi wa Shinyanga na Kahama na Geita wana mtoto au ndugu machimboni. Katika nchi ya Geita dhahabu ilichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000; lakini pembeni wako wachimbaji wadogo maelfu kwa maelfu. Hawa husaga mawe yawe unga, wakayaosha, kisha hutia zebaki, ile madini iliyo ya maji na yenye kung'aa kama fedha. Zebaki hushikamana na punje za dhahabu, likawa donge. Donge hilo huwekwa motoni. Zebaki hupaa kwa mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke ule hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta humdhuru ubongo na mishipa ya fahamu na figo. Na walio katika hatari kubwa ni watoto wadogo, na mimba iliyo tumboni. Tena mvuke ukipoa hutua juu ya kuta na vyombo. Karai au sufuria iliyochomewa zebaki hairudi tena kuwa ya chakula, hata ikisuguliwa kwa majivu mpaka ing'ae. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, wataja kuchoma donge hilo katika makazi ya watu kuwa ni jambo la kukomeshwa.

Tukamwuliza mpwa wetu, "Ninyi mwachomea wapi?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mara nyingine juu ya jiko lilo hilo la ugali, mjomba. Usiku. Ukichoma nje, watu waona una dhahabu, waja kukuibia."

Ndipo moyo wetu ukashtuka, tukakumbuka ya kuwa mwanyumba wetu, yaani mume wa yule ndugu mzazi, naye ni mchimbaji mdogo. Tukamwita mama wa nyumba kwa simu pale pale. Hatukuuliza habari za safari. Tukasema, "Jikoni hapo mnapopikia, kuna karai dogo lenye weusi?"

Akajibu, "Liko. Liko juu ya kichanja, karibu na jiko. Jana nilitaka kulichemshia maji ya kumwogeshea mtoto, nikaona lina masizi yasiyotoka, nikaliacha. Kwa nini?"

Tukamweleza. Akakaa kimya, mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Naenda sasa," akakata.

Tukarudi jikoni. Nsansa haikuwapo tena, basi tukala ugali mzuri kwa maziwa ya mgando. Hakuna aliyenung'unika. Karai lile mpwa wetu alilifunga katika mfuko wa plastiki, akalitundika mbali na nyumba, akaahidi ya kuwa halitaingia tena katika mfuko wenye nguo zake wala katika nyumba ya mtu.

IJUMAA. Tulifanya baraza ya nyumba, tukaiga sheria ya machimboni. Kila mmoja akapewa kazi yake: mwana wa miaka 12 kuwasha jiko na kusonga, wa miaka 10 kuchambua dagaa na kuwaosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, binti mdogo kufagia, sisi kuteleka na kupakua. Binti mkubwa kazi yake ni hesabu. Mpwa wetu akawa msimamizi, naye ni mkali kuliko mkaguzi wa shule.

Asubuhi tulipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani, tukatia karanga zilizotwangwa. Zamani tulidhani michembe na matobolwa ni chakula cha watu wasio na kitu. Sasa tuliona akili iliyomo. Viazi vibichi haviweki. Lakini vikikatwa na kuanikwa, au vikichemshwa kwanza na kisha kuanikwa vikawa matobolwa, vyakaa miezi mingi. Kadhalika nsansa. Nchi yetu yapata mvua msimu mmoja, kisha jua miezi mingi. Bibi zetu wakalitumia jua lilo hilo linaloua mimea kuihifadhi mimea. Aliyejaza chungu kile alikuwa ametupikia miezi mitano kabla ya siku ile.

Jioni ugali ukatoka vema, ila buja moja, na mwana wetu akalitoa mwenyewe kwa aibu, akalila. Tukapakua: watoto watano, na mpwa wetu wa sita. Tulipoinamisha sufuria kujipakulia wenyewe, ilikuwa tupu. Tulikuwa tumekosea kipimo. Palibaki ukoko tu. Watoto walikuwa wameanza kula, wala hatukutaka kumpunguzia mtu. Kitinda mimba akauliza, "Baba, wewe huli?" Tukajibu, "Nimeonja onja jikoni, nimeshiba." Kisha tukaenda nyuma, tukakwangua ukoko.

Tukiwa tunakwangua, neno lile likaturudia masikioni. "Nimeonja onja jikoni, nimeshiba." Tulilisikia mara ngapi katika nyumba yetu, kwa sauti nyingine? Mwaka ule wa njaa tulilisikia karibu kila siku. Nasi tuliamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi, na sahani yetu ilikuwa imejaa.

JUMAMOSI. Tulikwenda sokoni na vijana wawili. Sato alikuwa ghali, tukamwamkia tu. Mzee mmoja muuza samaki akatusimulia habari za furu wa ujana wake, jinsi walivyokuwa wengi na wa bei ndogo. Sangara waliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka mno, na furu wa namna nyingi wakapungua, wengine wakatoweka kabisa. Dagaa wamebaki, nao ndio kitoweo cha nyumba zenye fedha kidogo. Safari hii tulinunua walioanikwa juu ya vichanja, hawana mchanga. Mwana wetu wa miaka 10 aliwachagua mwenyewe, akimhoji muuzaji kama hakimu.

Siku hiyo hiyo ikaja simu kutoka Geita. Karai limetolewa, jiko limebadilishwa, kuta za jikoni zimepanguswa kwa kitambaa chenye maji bila kufagia vumbi, na mzazi na mtoto wamepelekwa zahanati kueleza habari na kupimwa afya. Mtoto anyonya vema na kuongezeka. Mwanyumba wetu alikasirika kwanza, akisema ya kuwa ndivyo wafanyavyo wote. Kisha akamtazama mtoto, akanyamaza, akaenda mwenyewe kuuliza habari ya kile chombo chenye kifuniko kinachouzuia mvuke wa zebaki na kuurudisha. Amesema hatachoma tena nyumbani. Twaomba ashike neno lake kuliko sisi tulivyolishika la kwetu.

JUMAPILI. Mama wa nyumba alifika jioni. Kabla ya kuketi aliingia jikoni. Akatazama gunia la mkaa, akatikisa kichwa. Akaushika mwiko, akaona ncha yake imeungua, akauliza, "Huu nao ulipikwa?" Akafunua sufuria, akauona ugali, akaubonyeza kwa kidole, akawatazama wana wetu wawili walionyoka kama askari. Akasema, "Mmeiva." Hakusema ni ugali au ni watu.

Tukampakulia yeye kwanza. Alikataa, tukamlazimisha. Alipokwisha kula tonge la tatu akatugeukia, "Na wewe, je?"

Hatukujibu kwa maneno. Tulimwonyesha sahani yetu, nayo ilikuwa na ugali, maana safari hii tulipima sawasawa, watu wanane, sahani nane. Kisha tukamwambia ya kuwa tangu leo katika nyumba hii hakuna tena mtu wa kuonja onja. Mpishi atapakuliwa pamoja na wengine. Akainama juu ya chakula chake, hakusema neno, akala mpaka kikaisha.

Habari ya Jumatano tulimweleza sisi wenyewe, usiku, kabla hajaambiwa na mtu. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

Basi, wasomaji wapenzi, mashauri yetu ya mwezi huu ni machache, nayo yametugharimu.

La kwanza: baba apike siku moja katika kila juma, na wana wa kiume pamoja naye. Asiyejua kiasi cha sufuria hajui hali ya nyumba yake.

La pili: mwenye binti aliye darasani asiseme "leo tu". Nanyi walimu, mtoto akisinzia katika hesabu, kabla ya kumkemea mwulizeni kwa upole jana usiku nani alipika, na nani aliosha vyombo.

La tatu: chombo kilichochomewa zebaki kisiingie jikoni kamwe, wala zebaki isichomwe mahali wapikapo na kulala watu. Wenye ndugu machimboni wakaulize leo, kama tulivyouliza sisi. Swali ni fupi, na simu ni ya dakika moja.

La nne: maharage yalowekwe usiku.

Mpwa wetu amerudi Nyarugusu. Wakati wa kuaga tulitaka kumwonya tena kidogo, kwa mazoea. Tukaona afadhali tumshukuru. Naye akamwambia mwana wetu wa miaka 12, "Nikirudi nitaonja ugali wako. Ukiharibu, siku tatu za vyombo." Tangu siku ile kijana asonga kila Ijumaa, na mama jirani hachungulii tena juu ya ua.

Mtihani wa binti yetu bado. Matokeo yake, mema au mabaya, hatutayaandika hapa, maana ni yake.

Kwa herini, mpaka mwezi ujao.